Dawa Yenye Mkia

Lugano Mwaipasi alifika kituoni kwetu saa nne asubuhi, mkungu wa ndizi mbichi kichwani. Ndizi si ajabu Mbeya. Ajabu ilikuwa kichwa chenyewe kuubeba, maana mwezi mmoja kabla yule dada alikuwa hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika njiani.

"Namtafuta aliyeniwekea sahihi," alimwambia mlinzi. "Nimeambiwa ni mwanamke."

Mlinzi akaninyooshea kidole. Nilikuwa nimetoka kukagua mabomba, nimevaa buti za mpira hadi magotini, nanuka kazi yangu. Mjini wanatuita wafamasia wa vyoo. Mama yangu mzazi akiulizwa na wanakwaya wenzake mwanawe Tusekile anafanya kazi gani, hujibu kwamba niko serikalini, halafu huuliza bei ya sukari.

Lugano alitua mkungu, akapiga goti kwenye sakafu chafu ya kituo, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, dada. Watoto wangu wawili wanakusalimu."

Nikamwinua upesi. Ana miaka ishirini na tisa, mimi thelathini na moja. Sikupenda kupigiwa goti, lakini nisiseme uongo, moyo wangu ulifurahi. Tangu niache ndoto ya kusimama kaunta ya duka la dawa hakuna mgonjwa aliyewahi kunishukuru. Sisi tunasoma mabomba, na mabomba hayana shukrani.

Aliuliza swali moja tu kabla ya kuondoka. "Aliyekuwa na nafasi hii kabla yangu, amekufa?"

"Haturuhusiwi kujua," nikamwambia.

"Nilitaka tu nijue nimwombee vipi."

Akaenda zake. Nikabaki na ndizi na uongo wangu, kwa sababu nilikuwa najua.

*

Kazi yetu ni hii. Tangu ile miaka ya moshi, watu wengi wa nyanda za juu wanaugua ukavu, ugonjwa unaokaza mapafu polepole kama ngozi iliyoachwa juani. Dawa yake ipo, inaitwa Lainisha, na haitengenezwi na yale makabati ya mitaani yanayokutoboa kidole na kukupa vidonge vyako hapohapo. Hii inatokana na kuvu inayolelewa kwenye mapipa. Kuvu yenyewe haina haraka na mtu. Kwa msimu mmoja hutoa dawa ya watu sitini kwa mkoa mzima, na wagonjwa wamepita elfu. Aliye ndani ya sitini anaishi. Aliye nje anasubiri.

Ndiyo maana ikawekwa kanuni kwamba anayepewa na hamezi, ampishe mwingine. Zamani watu walikuwa wakizitupa kwa uchungu wake, wengine wakizificha wakidhani wamepona. Basi kila nyumba yenye mgonjwa ikafungiwa jicho kwenye bomba la maji taka, na kila jicho likapewa msomaji. Dawa ikipita mwilini, ini huikata sehemu yake moja ndogo. Sisi tunaiita mkia. Maji yakija na dawa isiyo na mkia, mgonjwa amemeza. Yakija na dawa yenye mkia, nzima kama ilivyotoka kwenye pakiti, basi haikupita kwa mtu. Mikia mitupu wiki tatu mfululizo, msomaji anaweka sahihi na nafasi inahama. Sahihi yake ni ya mwisho. Kanuni inasema kabla ya hapo msomaji anaweza kwenda kubisha hodi. Inasema anaweza, haisemi lazima.

Nyumba namba 417 ilileta mikia mitupu wiki tatu. Tunaona namba tu, majina hatuonyeshwi, na msomaji anayeitambua nyumba hutakiwa kumwachia mwenzake. Mimi niliitambua siku ya kwanza. Iko Iyunga, ina mlango wa bluu, na nimekula wali wa Jumapili ndani yake miaka minne. Ni nyumba ya Mwalimu Anyosisye.

Alinifundisha famasia chuoni, na jioni alisimama kaunta ya duka la dawa ambalo lilikuwa la mwisho kufungwa mjini. Mwaka makabati yalipoletwa, sisi tulikuwa mwaka wa nne, wanafunzi thelathini na mmoja wenye makoti meupe mapya na hakuna pa kuyavalia. Wengine walilia darasani. Mwalimu akaufuta ubao, akasema, "Kaunta ilikuwa meza. Mkilia, msililie meza. Nendeni mkasome tena." Tukaenda. Mmoja alisoma sheria, anatetea hataza za mitishamba ya wazee. Mwingine anatengenezea nyuki dawa huko Rungwe. Gwakisa alisomea ulezi wa kuvu, ndiye anayekesha na yale mapipa. Kuna aliyejifunza uigizaji, na ukisikia kabati linakuambia "pole sana, meza baada ya chakula", hiyo ni sauti ya Atuganile, aliyekuwa akikaa dawati la nyuma yangu. Mimi nilichukua uzamili wa famasia ya maji, miaka miwili, na barua ya kuniombea nafasi aliiandika Mwalimu kwa mkono wake.

Sasa niulize kwa nini sikusema naijua nyumba. Nitakujibu. Nilimkasirikia. Mfamasia mzima, mwalimu wa wafamasia, anatupa dawa ambayo watu elfu wanaililia! Halafu niliogopa. Niliogopa wenzangu watasema nambeba mwalimu wangu, na zaidi ya hapo niliogopa atafungua mlango wa bluu anikute nilivyo, na harufu yangu. Nikaona kumpima kwa ukali kuliko wengine ndiyo haki. Nikaweka sahihi bila kubisha hodi kwa mtu.

Hiyo ilikuwa siku ishirini na sita kabla ya ndizi za Lugano.

*

Baada ya Lugano kuondoka nilifungua faili ya 417. Sikuwa na sababu ya maana. Labda nilitaka kuona tena jinsi nilivyokuwa sahihi.

Nyumba ikishafutwa hakuna anayesoma maji yake tena, ila jicho huendelea kuandika mpaka fundi aje kuling'oa, na mafundi wetu tunawajua. Nikateremsha kurasa. Nafasi ilihama Jumatano. Alhamisi maji yalikuwa na mkia. Ijumaa mkia. Jumamosi, mdogo zaidi. Jumapili, mdogo zaidi tena. Ikaendelea hivyo siku tisa, kila siku pungufu kidogo, mpaka ukaisha.

Nilikaa chini. Mtu anayetupa dawa, dawa ikikatika, hana tena cha kutupa. Maji yake huwa safi kesho yake. Hii haikuwa picha ya kutupa. Hii ilikuwa picha ya chombo kinachosuuzwa, kikasuuzwa tena, kikakwanguliwa na kusuuzwa, na mtu anayetafuta masalia ya dawa kwenye nyufa za kauri. Kila mfamasia aliyewahi kusaga kidonge anaijua picha hiyo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaijua.

Nani anasagiwa vidonge? Asiyeweza kumeza. Na asiyeweza kumeza, mara nyingi hata chooni hafiki.

Sikuaga mtu. Nilipanda bajaji na buti zangu.

*

Mwalimu alifungua mwenyewe. Amepungua, lakini shati lake bado limenyooshwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Tusekile! Karibu, karibu ndani. Usivue, sakafu ni ya kufagiwa."

Niliingia. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na kitandani nilimwona mkewe, Mama Bupe, aliyekuwa akinipakulia ukoko wa wali kwa sababu alijua naupenda. Uso wake umelegea upande mmoja. Kila pumzi yake ilisikika hadi sebuleni. Chini ya kitanda kulikuwa na mfuko wa nepi za watu wazima.

"Kiharusi," Mwalimu alisema. "Miezi miwili sasa. Alikuwa ameshaanza Lainisha. Kumeza kukawa hakuna tena, basi nikatoa kinu changu." Akakileta, kile kidogo cha kauri na mchi wake, ambacho tulijifunzia sote. Ndani kimepasukapasuka mistari myembamba. "Nasaga, namnywesha, nasuuza kwa maji, namnywesha maji yale, halafu ndiyo naosha. Kama nilivyowafundisha."

"Mbona hamkuwaambia kwamba hatumii choo, Mwalimu? Jicho linasoma bomba. Nepi zinaenda jalalani."

"Fomu ya msimu huu iliuliza. Nilitaka kuandika. Yeye akakataa." Aliteremsha sauti. "Alisema mambo hayo ni ya ndani, wasije vijana wa ofisini wakayasoma. Nikamwambia mficha uchi hazai, akaniambia yeye ameshazaa, inatosha."

Alitaka kutabasamu ikashindikana.

"Waliponiandikia kwamba tunatupa dawa, nilijibu. Barua tatu. Wakaniambia sahihi ya msomaji ni ya mwisho. Mama Bupe akasema, mpigie Tusekile, yuko hukohuko. Nikasema hapana, nitamtia mtoto wa watu majaribuni, wataona anapendelea."

Kwa hiyo wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, tulikuwa tumekimbia kitu kimoja, na katikati yetu mwanamke akakosa pumzi.

"Mwalimu," nikasema, "ile sahihi ni yangu."

Aliweka kinu mezani taratibu, akavuta kiti, akakaa, akanitazama kama anavyomtazama mtahiniwa.

"Uliona nini?"

"Mikia mitupu. Wiki tatu."

"Ukasema?"

"Nikasema imetupwa."

"Ni sababu zipi nyingine zinaweza kuleta picha hiyo?"

"Chombo kilichosagiwa dawa. Na mgonjwa asiyetumia choo cha nyumba."

"Ulizijua siku ile?"

"Nilizijua. Ulinifundisha wewe."

"Basi kwa nini hukuja kubisha?"

Nilimwambia kwa nini. Nilimwambia yote, na harufu na hasira. Nilikuwa nalia na sikujali. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kile nilichokuwa nakiogopa. "Nafasi imekwenda kwa nani?"

"Kwa dada mmoja wa Uyole. Ana watoto wawili. Amerudia kutembea. Leo ameniletea ndizi."

Mwalimu alikishika kinu tena, akawa anakizungusha. Nilijua anahesabu, maana hata mimi nilikuwa nimehesabu kwenye bajaji. Aliyekwisha kuizoea Lainisha akiikosa siku arobaini, mapafu hukaza yasifunguke tena hata ukimpa pipa zima. Mama Bupe alikuwa amebakiza kumi na nne. Na Lugano, ambaye sasa amekwisha kuizoea, akiachishwa leo, arobaini zake zinaanza leo.

"Acha ibaki huko," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imara kupita kiasi. "Dawa ikishavuka dirisha hairudi rafuni. Hilo nalo nilikufundisha."

"Ulinifundisha pia kwamba kosa la kutoa dawa hurekebishwa kwa mgonjwa kwanza, mengine baadaye."

"Mgonjwa yupi, Tusekile? Sasa unao wawili. Mama Bupe ana miaka sitini na nane, ameona wajukuu. Huyo ana watoto wa kulea. Mimi ndiye mumewe, mimi nasema acha."

"Mbona..." Sauti ilitoka chumbani, nzito, neno moja moja. "Mbona hamniulizi mimi?"

Mwalimu aliinuka. "Pumzika, Mama Bupe. Mgonjwa haulizwi uji."

"Huu... si uji."

Tuliingia. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamshika mkono ule wenye nguvu. Nakiri jambo moja hapa, hata kama linaniaibisha. Nilitumaini atanisamehe. Nilitumaini atasema kama wasemavyo watu wazima katika hadithi, kwamba yeye ameshakula chumvi ya kutosha, waachiwe vijana. Ningelia, ningemzika kwa heshima, na faili ingebaki imefungwa.

"Naitaka dawa yangu," alisema.

"Mama Bupe, kuna binti..." Mwalimu alianza.

"Nimesikia. Masikio ninayo." Akavuta pumzi, tukangoja. "Namhurumia. Naitaka."

Mwalimu aligeukia dirisha. Mabega yake yalitikisika, na sikujua kama ni huzuni au ni mtu aliyetuliwa mzigo ambao alikuwa ameuapia kuubeba.

"Nilikataa... wasiandike nepi," Mama Bupe aliendelea, akinitazama mimi. "Kosa hilo... langu. Lakini ni dogo. Halitoshi kuniua."

*

Bi. Chengula, mkuu wetu wa kituo, alisoma taarifa yangu mara mbili. Naye ni mfamasia. Kaunta yake ilifungwa mwaka uleule makabati yalipoletwa, akaenda kusomea uendeshaji.

"Umeshampigia Gwakisa?"

"Nimempigia. Mavuno mengine ni baada ya wiki kumi na moja. Anasema kuvu haibembelezwi."

"Kugawana dozi?"

"Nimepiga hesabu mara tatu. Nusu haimshiki yeyote. Tutawapoteza wote wawili, kwa usawa."

Akaiweka taarifa chini. "Tuse, nikuambie kitu kama dada yako. Ukifuta sahihi, mfumo unairudisha nafasi dakika hiyohiyo. Hauniulizi mimi, hauulizi baraza. Yule Lugano anakuwa wa kwanza nje ya sitini. Unaelewa maana yake? Ndani ya siku arobaini itabidi aombe mmoja wa sitini afe. Mwanamke mwenye watoto wawili, apige magoti aombe kifo cha mtu."

"Naelewa."

"Na usipofuta, mama mmoja wa kitandani, mwenye kiharusi, anaondoka miezi michache kabla ya siku yake. Faili hiyo hakuna atakayeifungua. Maji yakimwagika hayazoleki."

Bi. Chengula si mtu mbaya. Alisema lile ambalo nusu ya moyo wangu ilikuwa inalisema tangu asubuhi, na hesabu zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Nilimfikiria Lugano na mkungu wake. Kisha nikafikiri hivi: tukianza kusema huyu wa kitandani na yule ana watoto, kesho tutasema huyu ana akili na yule mlevi, na kesho kutwa msomaji ataangalia kwanza jina, ndipo asome maji. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuangalia mlango wa bluu. Matokeo yake ndiyo haya.

"Hawakuniajiri niseme nani anafaa kuishi," nikamwambia. "Waliniajiri nisome maji, nami niliyasoma vibaya. Ile dawa ina jina la mtu kwenye cheti, na mwenye jina yuko hai na anaitaka."

"Na Lugano naye jina lake halipo kwenye cheti?"

"Lipo. Mimi ndiye niliyeliandika juu ya jina la mwingine."

"Leseni yako itasimamishwa."

"Najua."

"Na hutalala vizuri, Tuse. Hilo nalo ulijue. Ukifuta hutalala, usipofuta hutalala." Akanigeuzia kioo cha kompyuta, akasimama, akatoka nje akaniacha peke yangu. Nadhani hakutaka kuona.

Nilibonyeza. Namba 417 ikarudi kuwa ya kijani. Kwenye kioo cha mkuu majina huonekana; mstari chini yake, jina la Lugano Mwaipasi likawa la kijivu, na maandishi madogo yakatokea: *Mhusika ataarifiwa kwa ujumbe wa simu kesho saa kumi na mbili asubuhi.*

Kwa ujumbe wa simu. Nilivaa koti nikatoka.

*

Nyumba ya Lugano iko Uyole, nyuma ya kanisa la Moravian. Kabla sijafika uani nilisikia tarumbeta. Nilidhani ni kanisani, lakini sauti ilitoka kwake, na nilipokunja kona nilimwona Lugano mwenyewe kwenye kigoda, mashavu yamejaa, macho yamefumbwa, anapiga wimbo wa alfajiri ya Pasaka, ule unaopigwa makaburini jua linapochomoza. Aliupiga ubeti mzima kwa pumzi moja. Nilisimama kwenye ua wa matete mpaka akamaliza, kwa sababu sikuweza kumkatiza.

Akafumbua macho. "Dada! Karibu! Umesikia? Miaka mitatu sijaigusa. Bendi wamenirudisha, Pasaka hii nipo mstari wa mbele." Akaniletea kigoda. "Umekuja kunipima?"

"Nimekuja kukuambia jambo baya, Lugano. Nimeona nije mwenyewe."

Nilimwambia. Sikuzungukazunguka. Nilimweleza kinu, nepi, mkia, siku arobaini, na mlango ambao sikuubisha. Tarumbeta ilikuwa mapajani mwake, na kadiri nilivyosema aliishika kwa nguvu zaidi.

"Kwa hiyo hakuwa anazitupa," alisema.

"Hapana. Alikuwa anazinywa zote. Mimi ndiye niliyesoma vibaya."

"Na mimi nimekuwa namalizia dawa ya mama wa watu."

"Wewe hukujua. Huna kosa."

"Huna kosa," alirudia polepole, kama mtu anayeonja kitu asichokifahamu. "Huyo mama, ameambiwa kuhusu mimi?"

"Ameambiwa una watoto wawili."

"Akasema?"

Ningeweza kudanganya. Nilishamdanganya mara moja siku ileile. "Akasema anakuhurumia. Na akasema anaitaka dawa yake."

Lugano alitikisa kichwa, mara moja, mara mbili. "Hata mimi ningeitaka," alisema. Kisha sauti ikapanda, na pumzi zake nzuri mpya zikaibeba hadi nje ya ua. "Naitaka hata sasa! Unanisikia, dada? Usije ukaenda kuandika huko kwamba Lugano ameelewa, kwamba ameridhika. Sijaridhika. Naitaka!"

"Nitaandika hivyo."

"Andika hivyohivyo."

"Na kila siku, hizo arobaini zote, nitakuwa namtafuta Gwakisa, yule anayelea kuvu ya dawa. Nitakuja kukuambia nilichopata, hata kama sijapata kitu."

"Utakuja?"

"Nitakuja hapa hapa."

Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari, hata ningeshukuru. Nilianza kuinuka.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Nikuache upumzike."

"Nipumzike nini, wakati nguvu ninazo leo?" Akaufuta mdomo wa tarumbeta kwa kitenge chake, akaiegemeza ukutani. "Watoto wanatoka shule saa tisa. Wa kwanza ana miaka tisa, anaelewa kila kitu, na ni mwingi wa maswali. Niliwaambia mama amepona. Sasa mimi siwezi kuwaambia tena vingine. Utawaambia wewe."

Ilikuwa saa nane na nusu. Nilirudi kukaa.